Mtoko wa kwanza Barcelona: bustani, ufukwe, kilima au vermut ya Jumapili?

Barcelona ina sehemu nyingi mno za kukaa watu wawili, na ndiyo maana kuchagua kunasumbua. Ukiuliza, mmoja atakuambia ufukweni, mwingine kule juu kilimani kwenye mizinga ya zamani ya vita, wa tatu atakutajia mgahawa wenye mishumaa. Zote ni sehemu nzuri. Ila mtoko wa kwanza una mahitaji yake. Ni watu wawili wasiojuana vizuri, pengine wamekutana kwenye programu ya simu au kupitia rafiki, na wanachotaka kujua siku hiyo ni kama wanaelewana.

Kwa hiyo kabla ya uzuri wa mahali, mimi huuliza mambo mawili. Je, mmoja wenu anaweza kuaga baada ya saa moja bila kumfedhehesha mwenzake? Na mkipendezwa, kuna pa kuendelea kwa miguu, bila kuanza kupanga upya? Sehemu yenye majibu mazuri kwa yote mawili inawapa watu utulivu, na mtu aliyetulia ndiye huongea kama alivyo.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayowapoteza wageni wengi. Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam amezoea jua linalozama karibu saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Barcelona, mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Katikati ya Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Wenyeji nao hula chakula cha mchana kuanzia saa nane na cha usiku kuanzia saa tatu. Ukimwalika mtu "jioni saa kumi na mbili", mwezi Julai umemwita juani, mwezi Januari umemwita gizani, na miezi yote miwili majiko ya migahawa mingi bado hayajawashwa. Chagua mahali pamoja na msimu wake.

Bustani ya Ciutadella au ufukwe wa Barceloneta

Sehemu hizi mbili ziko karibu karibu, dakika 20 hivi kwa miguu, na historia yao ni moja. Majeshi ya Mfalme Felipe V wa Hispania yalipoiteka Barcelona mwaka 1714, sehemu kubwa ya mtaa wa Ribera ilibomolewa ili ijengwe ngome ya kuudhibiti mji. Ngome ile ilikuja kuvunjwa karne ya 19 na eneo lake ndilo bustani ya leo. Barceloneta ni mtaa ulioanza kujengwa 1753, kazi yake ya kwanza ikiwa ni kuwapa makazi watu waliopoteza nyumba zao. Nayataja haya kwa sababu mazungumzo ya mwanzo yanahitaji kitu cha kuegemea, na hadithi ya aina hii inamtoa mtu kwenye maswali ya "unafanya kazi wapi, una ndugu wangapi".

Kwa mtoko wa kwanza, mimi naipa bustani alama kubwa zaidi. Mnakutana Arc de Triomf, tao la matofali mekundu lililokuwa lango la Maonyesho ya Dunia ya 1888. Metro ya mstari wa kwanza inasimama hapo hapo, na hakuna anayeweza kulikosa. Kutoka hapo ni barabara pana ya waenda kwa miguu, minazi ya mapambo huku na huku, hadi ndani ya bustani. Kuingia ni bure. Kuna chemchemi kubwa ya maporomoko, ambayo msanifu majengo mashuhuri Gaudí alishiriki kuijenga akiwa bado kijana mwanafunzi. Kuna sanamu ya tembo wa kale mwenye manyoya, imesimama hapo tangu 1907, na watoto hupanda kwenye mkonga wake. Kasuku wadogo wa kijani, asili yao Amerika ya Kusini, wanapiga kelele juu ya miti. Jumapili mchana kuna wapiga ngoma, wacheza sarakasi, watu wamelala kwenye nyasi na vitabu vyao.

Na kuna ziwa dogo lenye mitumbwi ya kukodi. Hiki ndicho kitu ninachokipendekeza kuliko vyote mle bustanini, na sababu yangu ni namna watu wanavyokaa. Anayeshika makasia anakupa uso wake na kuipa safari mgongo, haoni aendako. Aliyekaa nyuma ndiye macho ya mtumbwi: "Kulia kidogo... kulia kwako, si kwangu... simama, kuna bata!" Ndani ya dakika tano watu ambao walikuwa wanapimana maneno wanapigiana kelele na kucheka. Utaona mtu anavyopokea maelekezo, na utaona anavyoyatoa. Halafu muda unakwisha wenyewe, mtumbwi unarudishwa, na kila mmoja ana nafasi ya kusema "nimefurahi, ngoja niwahi" au "tukanywe kitu?" Mkienda kunywa, mtaa wa Born uko ng'ambo ya barabara tu.

Ufukwe je? Ufukwe una bahari, na sisi tuliozaliwa pwani tunajua bahari inavyomlegeza mtu mabega. Lakini Barceloneta ya Julai na Agosti si ufukwe wa kuongea. Taulo zimegusana, wauzaji wanapita kila dakika na vinywaji na shuka za kulalia, na macho yako yako kwenye begi kuliko kwenye uso wa mwenzako, maana wezi wa pale ni hodari. Halafu kuna suala la mavazi, ambalo watu hulipita kimyakimya. Kukaa na vazi la kuogelea mbele ya mtu uliyemfahamu wiki iliyopita si jambo jepesi kwa kila mtu, na si haki kumweka mwenzako mahali ambapo lazima aamue hilo siku ya kwanza. Kuogelea kuacheni kwa mtoko wa tatu.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, ufukwe unageuka kabisa. Njia ya kando ya bahari ina zaidi ya kilomita nne za kutembea bila gari hata moja, na jua la Februari saa saba mchana linatosha kuvua koti. Nenda upande wa Bogatell, ambako pametulia kuliko Barceloneta. Njiani mtapita ufukwe wa Somorrostro. Hadi 1966 palikuwa na mtaa wa vibanda hapo, na ndimo alimozaliwa Carmen Amaya, mcheza flamenko aliyekuja kujulikana dunia nzima. Fukwe hizi zote mnazoziona safi zilitengenezwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1992. Kabla ya hapo upande huu ulikuwa viwanda na reli. Mwisho wa matembezi, ingieni Rambla del Poblenou, barabara ya wenyeji yenye wazee kwenye mabenchi. Kuna duka la El Tío Che, linalouza orxata tangu 1912. Orxata ni kinywaji baridi cheupe, kitamu, kinachotengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago. Hakina pombe wala maziwa.

Kwa hiyo: kama ni kiangazi, bustani, kama ni miezi ya baridi na mwenzako anapenda kutembea, ufukwe. Kama hujui anapenda nini, bustani.

Kilima cha mizinga au ngazi za Montjuïc

Watu wengi watakuambia umpeleke Turó de la Rovira, kilima cha mita 262 wanachokiita Bunkers del Carmel. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania palikuwa na mizinga ya kutungulia ndege, na baadaye familia za wahamiaji zilijenga vibanda kwenye magofu hayo na kuishi humo hadi miaka ya 1990. Mandhari yake hayana mpinzani. Unauona mji wote, barabara zake zilizonyooka, minara ya kanisa la Sagrada Família, hadi baharini.

Hata hivyo simpeleki mtu huko siku ya kwanza. Ni mlima hasa, na mtu aliyevaa viatu vyake vizuri kwa ajili yako atafika juu akiwa na jasho na hasira ambayo hawezi kuionyesha. Hakuna choo. Hakuna mahali pa kukaa mkanunua hata maji kwa utulivu. Na jambo ambalo ushauri wa zamani haulisemi: tangu 2023, baada ya wakazi kuchoshwa na makelele na sherehe za usiku, eneo lile limewekewa uzio na hufungwa saa moja na nusu jioni wakati wa kiangazi, saa kumi na moja na nusu jioni wakati wa baridi. Machweo ya Juni, ambayo ndiyo yaliyopafanya pajulikane, huwezi kuyaona tena kutoka ndani ya uzio. Anayekuahidi machweo pale hajafika miaka ya karibuni.

Kilima cha Montjuïc kinakupa kimo bila adhabu. Mnashuka metro Plaça d'Espanya, mnapita kati ya minara miwili mirefu, mnapanda kwa ngazi za umeme zilizowekwa nje hadi mbele ya Palau Nacional, jumba lililojengwa kwa Maonyesho ya 1929. Kaeni kwenye ngazi zake. Mara nyingi kuna mtu anapiga gitaa, na mji umelala chini yenu hadi mlima wa Tibidabo upande wa pili. Jua la kiangazi linazama upande huohuo, na mtaliona hadi mwisho.

Ndani ya jumba kuna makumbusho ya taifa ya sanaa ya Katalunya, MNAC, na Jumamosi kuanzia saa tisa alasiri kuingia ni bure. Makumbusho yanamfaa sana mtu mwenye aibu. Macho yana pa kwenda, kimya hakiumizi, na ukitaka kusema, kitu cha kusemea kiko mbele yako. Nendeni moja kwa moja kwenye kumbi za michoro ya kanisani ya karne ya 11 hadi ya 13. Ilitolewa kwenye makanisa madogo ya milima ya Pirenei, mingi kati ya 1919 na 1923, baada ya kugundulika kwamba wafanyabiashara walikuwa wanaibandua ukutani na kuiuza ng'ambo. Mafundi waliigandisha kwenye vitambaa, wakaibandua ukutani, wakaishusha mlimani na kuibandika upya kwenye kuta zilizojengwa kwa umbo la makanisa yale. Kristo wa Sant Climent de Taüll, mwenye macho makubwa na vidole viwili vilivyoinuliwa, anakutazama kutoka kwenye kuba. Mkae hapo kwa nusu saa. Mkitaka kuyaona makumbusho yote, mtachoka kabla hamjaongea.

Kati ya vilima hivi viwili, mimi siku zote ni Montjuïc. Kilima cha mizinga kiende kwa watu waliokwisha kuzoeana, asubuhi, na chupa ya maji.

Kuna pia bustani ya Laberint d'Horta, yenye vichochoro vya miti ya misipresi vilivyokatwa viwe mafumbo, na katikati yake sanamu ya Eros. Inasikika kama imetengenezwa kwa kazi hii. Lakini iko mbali na katikati ya mji, siku za kawaida ina watu wachache, na kujificha kwenye vichochoro na mtu usiyemjua si starehe kwa kila mtu, hasa kwa mwanamke. Siku ya kwanza mahali pawe na watu.

Mezani: vermut, pintxos au chakula cha usiku

Chakula cha usiku nakiondoa mapema. Mgahawa wa Barcelona hauwashi jiko mapema, watu huketi saa tatu au tatu na nusu, na baada ya sahani ya mwisho desturi ni kuendelea kukaa na kuongea. Huo ni muda wa saa mbili na nusu, ana kwa ana, na mtu ambaye baada ya dakika 15 unaweza kuwa umeshajua kwamba hamlingani. Bili nayo inakuja na mzigo wake: nani analipa, na aliyelipa anategemea nini. Kwa watu wanaopendana tayari, ni jambo zuri kuliko yote. Kwa wageni ni mtihani.

Carrer de Blai ni nafuu kwa mfuko na kwa moyo. Ni barabara ya waenda kwa miguu mtaa wa Poble-sec, karibu na metro ya Paral·lel, imejaa baa za pintxos: vipande vya mkate vyenye kitu juu yake, kila kimoja kimechomwa kijiti. Unachukua mwenyewe kaunta, unakula, vijiti unaviweka kwenye sahani, na mwisho mhudumu anahesabu vijiti ndiyo bili. Kimoja ni kama euro 2. Mnakula viwili hapa, mnahamia baa ya pili, na kila kuhama ni nafasi ya kuaga au kuendelea. Kasoro yake ni kelele na msongamano Ijumaa na Jumamosi. Katikati ya wiki panafaa zaidi. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kuchukua, maana jamón hujificha chini ya jibini na mayai.

Lakini kama ningeruhusiwa kupendekeza kitu kimoja tu katika mji huu, ningesema vermut ya Jumapili huko Gràcia.

Gràcia ilikuwa mji wake yenyewe hadi 1897, ilipounganishwa na Barcelona, na mpaka leo ina viwanja vyake vidogo na watu wanaosalimiana kwa majina. Jumapili kuanzia saa sita mchana, watu hutoka kwenda "kufanya vermut" kabla ya chakula cha mchana. Vermut ni divai iliyotiwa mitishamba, rangi ya kahawia iliyoiva, yenye uchungu kidogo na utamu kidogo. Inakuja na barafu, kipande cha chungwa, zeituni moja, na mara nyingine chupa ya maji ya gesi ya kubonyeza ili kila mtu aipunguze makali anavyotaka. Pembeni kuna kisahani cha zeituni, viazi vya kukaanga vya kwenye pakiti, anchovi. Mara nyingi glasi haizidi euro 5. Asiyekunywa pombe aagize mosto, juisi ya zabibu isiyochachushwa. Baa nyingi huileta kwenye glasi ya aina ileile, na barafu ileile na zeituni ileile, na hakuna atakayeuliza kwa nini. Kwa Waislamu wetu wanaoishi huku, hilo linaondoa maelezo marefu ambayo mtu hapendi kuyatoa siku ya kwanza.

Ubora wa vermut uko kwenye mwisho wake. Kila mtu anajua kwamba saa nane watu wanaenda kula. Ukiaga saa nane kasorobo, hujamkimbia mtu. Unaenda kula kama mji mzima unavyoenda. Na mkiwa mnaongea vizuri kiasi cha kusahau muda, sentensi ya kuendelea ipo tayari na haina uzito: "Una njaa?" Malipo pia yanajipanga. Mmoja analipa glasi za uwanja wa kwanza, mwingine analipa za uwanja wa pili. Kwetu mwanamume aliyealika ndiye anayetazamiwa kulipa, lakini hapa Barcelona wengi hugawana, na kwa euro 5 hakuna anayeumia wala anayedaiwa.

Viwanja navyo si sawa. Plaça del Sol ina vijana wengi na kelele, hasa jioni. Plaça de la Virreina, mbele ya kanisa, ina kivuli na utulivu. Plaça de la Vila de Gràcia ina mnara wa saa wa 1864, na ndipo pa kukutania, kwa sababu mnara hauchanganyi mtu.

Mambo madogo yanayoharibu siku

Simu isikae mezani kwenye baa ya nje. Mtu atakuja na karatasi au ramani, ataitandaza juu ya meza akiuliza njia, na akiondoka simu imeondoka naye. Begi nalo lisining'inizwe mgongoni mwa kiti.

Tiketi ya T-casual, ya safari kumi, ni ya mtu mmoja; hamwezi kupita nayo wawili. Metro hufunga saa sita usiku kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, saa nane usiku siku ya Ijumaa, na usiku wa Jumamosi hukesha. Mwambie mwenzako hili mapema kama anakaa mbali, ili kurudi kwake kusitegemee ukarimu wako.

Mvua ikinyesha na mlishapanga bustani, ingieni El Born Centre de Cultura, soko la zamani la chuma lenye magofu ya mtaa uliobomolewa baada ya 1714 chini ya paa lake. Kuyatazama ni bure. Agosti baa nyingi za mitaani hufunga kwa likizo, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuahidi. Ila karibu na tarehe 15 Agosti Gràcia ina sikukuu yake, na wakazi hupamba barabara zao nzima kwa karatasi na vitu walivyookoa kwenye takataka. Nendeni asubuhi, kabla hapajafurika.

Mkikutana, salamu ya huku ni mabusu mawili ya shavuni, hata kwa wasiojuana. Usiyetaka, nyoosha mkono mapema na utabasamu, itaeleweka. Na ujumbe wa mwaliko uwe mfupi, wenye saa ya kuanza na dalili ya mwisho: "Jumapili saa sita na nusu mchana, chini ya mnara wa Plaça de la Vila? Tunywe vermut au mosto kabla ya chakula."